Jaribio la joto na mwendo wa chembe: usidanganywe na mkondo wa maji

Haya ni kwa walimu wa sayansi wanaotaka wanafunzi waone kwa macho jinsi joto linavyozichangamsha chembe. Mwenzangu mmoja aliniomba msaada juzi, na kilichomkwamisha ni hatua ya 2.

Hatua ya 1: Yabisi. Tia vipande vya barafu na maji kidogo kwenye glasi, tumbukiza kipimajoto, koroga. Kitabaki nyuzi 0 mpaka barafu yote iyeyuke, kwa sababu joto linaloingia linatumika kulegeza chembe zilizoshikana, zilizokuwa zikitetema palepale.

Hatua ya 2: Kimiminika. Wengi hudondosha rangi kwenye maji moto na maji baridi. Ya moto ikienea kwa dakika moja, darasa linaandika kwamba chembe zimeongeza kasi. Ni kweli zimeongeza, lakini ulichokiona si hicho. Maji moto hupoa pembeni na juu, yaliyopoa yanazama, yenye moto yanapanda, na mkondo huo ndio uliobeba rangi. Chembe zikiachwa peke yake huchukua saa nyingi kuisogeza sentimita moja tu!

Kwa hiyo zuia mkondo. Mimi natumia agaa, ile ya kutengenezea faluda. Chemsha mpaka iyeyuke kabisa, mimina kwenye glasi mbili zinazofanana, iache igande. Maji yaliyonaswa ndani yake bado ni kimiminika, chembe zinapenya, ila mkondo haupiti. Dondosha juu matone sawa ya rangi ya chakula, funika, glasi moja weka kwenye friji na nyingine mezani. Kesho yake pima kwa rula rangi ilipofika.

Jelatini achana nayo, kwa joto la Dar es Salaam au Mombasa italegea mchana. Pamanganeti ya potasiamu nayo hapana: inaiunguza agaa na kuwa kahawia. Rangi iwe ileile kwenye glasi zote mbili, maana chembe kubwa hutembea polepole zaidi. Na glasi ya baridi iwe kwenye friji, isiwe friza.

Hatua ya 3: Gesi. Visha puto kwenye mdomo wa chupa tupu, isimamishe kwenye maji moto, puto litajaa. Mwanafunzi akisema hewa ikitoka nyuzi 30 hadi 60 kasi imekuwa maradufu, mrudishe kwenye kelvini (nyuzi za Selsiasi ukijumlisha 273): ni 303 hadi 333, na kasi hufuata kipeuo cha pili cha halijoto hiyo. Ongezeko ni takribani asilimia 5.