Kumtuma mtu wa jimbo jingine akabidhi nyaraka za mahakama: hatua ninazofuata kabla bahasha haijatoka ofisini

Mteja wetu alikuwa ameshapata talaka yake hapa Houston. Miezi kadhaa baadaye ikaja karatasi kutoka kwa wakili wa aliyekuwa mumewe, aliyehamia Ohio, akiomba hukumu itenguliwe kwa sababu hakuwahi kukabidhiwa samansi.

Tulianza kufuatilia. Sisi tulimlipa wakala tuliyempata mtandaoni ili samansi imfikie mume. Wakala akaipeleka kazi kwa wakala mwenzake, naye akampa mtu wa mkataba anayelipwa kwa kila bahasha. Huyo alibisha hodi, binamu wa mume akafungua, akaachiwa karatasi. Kiapo kilichorudi kwetu kiliandika kwamba mume mwenyewe alikabidhiwa mkononi. Hukumu ikaanguka, na yule mama akaanza kesi upya akiwa na watoto wawili na kodi ya nyumba inayomsubiri. Mimi ndiye niliyepokea kile kiapo na kukiweka kwenye faili bila kuuliza swali hata moja.

Tangu hapo nafuata hatua hizi. Mimi ni msaidizi wa wakili, si wakili, kwa hiyo kesi yako mahususi mpelekee wakili. Lakini kazi ya kufikisha nyaraka naifanya kila wiki, na nawaandikia Waswahili wenzangu wa Marekani mnaofanya kazi katika ofisi ndogo za sheria, au mnaojisimamia wenyewe mahakamani.

Hatua ya 1: Jiulize kama unahitaji mtu wa kubisha hodi

Kama upande wa pili hauna ugomvi, kuna njia ya kusaini kwamba ameridhia kutokabidhiwa rasmi. Katika talaka za Texas hati hiyo husainiwa mbele ya mthibitishaji wa saini (notary), na ni lazima isainiwe baada ya kesi kufunguliwa. Ikisainiwa kabla, haina nguvu. Katika mahakama za shirikisho, mdaiwa anayekubali kwa njia hii hupewa siku 60 za kujibu badala ya 21, kwa hiyo naye ana cha kufaidika.

Familia zetu nyingi zina wazee wanaoweza kuzungumza na pande zote mbili, na mara nyingi simu moja ya mjomba imetuokolea safari tatu za mtu tusiyemjua. Ila palipo na vitisho au kipigo ndani ya ndoa, usimtumie ndugu kabisa. Hapo mtume sherifu wa kaunti anakoishi mlalamikiwa. Anaweza kuchelewa, lakini ni ofisa wa umma, anajulikana yuko wapi, na neno lake lina uzito kwa jaji.

Hatua ya 2: Elewa unachonunua

Watu hudhani wanalipia usafiri wa bahasha. Posta ingetosha kwa hilo. Unacholipia ni ushahidi: mtu asiyehusika na kesi, mwenye miaka 18 au zaidi, anayeapa kwamba saa fulani, mahali fulani, alimkabidhi fulani. Kiapo hicho kikiwa cha uongo au kina kasoro, kila kilichojengwa juu yake kinaweza kubomoka.

Mwaka 1988 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi iliyotoka hapa Texas. Mtu alidaiwa takriban dola 5,600 za deni la hospitali alilodaiwa kulidhamini. Hakufika mahakamani, ikatolewa hukumu ya upande mmoja, na mali yake ikauzwa kwa bei ya chini sana kuliko thamani yake. Yeye alisema hakuwahi kukabidhiwa nyaraka, na hata hati ya kukabidhi yenyewe ilionyesha kwamba zilifika muda ukiwa umepita. Mahakama za Texas zilimtaka kwanza aonyeshe kwamba angekuwa na utetezi wa maana. Mahakama Kuu ikakataa: aliyehukumiwa bila taarifa amenyimwa haki yake ya kikatiba, awe na utetezi au asiwe nao.

Hatua ya 3: Andika maelekezo ya ukurasa mmoja

Hapa ndipo kazi za nje ya jimbo huharibika zaidi, na mara nyingi bila mtu kuwa na nia mbaya. Msambaza nyaraka wa Ohio au Florida anajua desturi ya kwao. Lakini namna ya kukabidhi samansi ya Texas hufuata kanuni za mahakama iliyoitoa, si mazoea ya mlango anaobisha.

Tazama tofauti. Florida inaruhusu kumwachia nyaraka mtu mwenye miaka 15 au zaidi anayeishi nyumbani kwa mdaiwa, baada ya kumweleza ni za nini. California inaruhusu kumwachia mtu mzima wa nyumba, lakini baada ya juhudi za kweli za kumpata mwenyewe, kisha nakala itumwe kwa posta. Texas hairuhusu njia hiyo mpaka jaji atoe amri, na ili aitoe anataka maelezo ya kiapo kuhusu majaribio yaliyoshindikana. Binamu wa Ohio aliyepokea karatasi zetu hakuwa na maana yoyote kisheria, hata kama angempa mlalamikiwa bahasha ile jioni hiyohiyo.

Halafu jimbo la mlangoni nalo lina makatazo yake. New York inabatilisha kabisa nyaraka za madai zilizokabidhiwa Jumapili, isipokuwa pale sheria inaporuhusu mahususi. Texas nayo inakataza Jumapili kwa kesi nyingi za madai. Mtu wa mkataba mwenye kazi nyingine siku za wiki ataipenda Jumapili, kwa hiyo iandike kwa herufi kubwa.

Ukurasa wangu una haya: jina kamili na picha ya mlalamikiwa kama mteja anayo, anwani, akabidhiwe nani na asiachiwe nani, siku zisizoruhusiwa, tarehe ya mwisho, na sentensi hii: «Ukipata mtu mwingine mlangoni, ondoka na karatasi, unipigie.» Naomba anijibu kwa maandishi kwamba ameusoma.

Hatua ya 4: Mjue mtu atakayesimama mlangoni

Usikubali jina la kampuni tu. Uliza nani hasa atakwenda. Texas ina wasambaza nyaraka waliothibitishwa na tume ya mahakama, kila mmoja na namba yake. California inamtaka anayekabidhi zaidi ya mara 10 kwa mwaka ajiandikishe na kuweka dhamana ya dola 2,000. Jiji la New York linatoa leseni, na tangu sheria yake ya 2010 linataka kumbukumbu za GPS. Lakini yako majimbo ambako mtu yeyote mwenye miaka 18 asiyehusika na kesi anaweza kuifanya kazi hii bila kusajiliwa popote. Palipo na namba, itafute mwenyewe kwenye orodha ya serikali. Pasipo na namba, zungumza naye kwa simu kabla hujatuma chochote.

Nasisitiza hili kwa sababu ya malipo. Anayelipwa tu pale anapofanikiwa ana kishawishi cha kuandika kwamba amefanikiwa. Marekani wana jina la ovu hili, huduma ya mtaroni (sewer service): karatasi inatupwa kwenye mtaro, kiapo kinasainiwa. Mwaka 2009 Mwanasheria Mkuu wa jimbo la New York, Andrew Cuomo, aliiomba mahakama itengue hukumu za upande mmoja zipatazo 100,000 kwa madai ya aina hiyo. Kumbukumbu zilionyesha mtu mmoja akidai kuwa sehemu mbalimbali kwa wakati uleule. Waliohukumiwa hivyo walikuwa wadaiwa wa kawaida, wengi wao wakija kujua siku mshahara ulipokatwa. Siwezi kuisoma habari ile bila kuwafikiria wazee wetu wanaopokea barua za Kiingereza na kuziweka chini ya godoro.

Kwa hiyo mimi hulipa kwa kila jaribio lililofanyika kwa uaminifu, hata lile lililoshindikana.

Hatua ya 5: Mkataba mfupi, wenye meno

Mambo manne tu. Haruhusiwi kumkabidhi mtu mwingine kazi bila kibali changu cha maandishi. Ana bima. Atazifuta nakala za nyaraka alizonazo baada ya kazi. Na atatoa ushahidi, kwa video au ana kwa ana, kukabidhi kukipingwa.

Hilo la mwisho ndilo watu husahau. Mahakama ya hapa haiwezi kumwita kirahisi shahidi anayeishi jimbo jingine. Katika mahakama za shirikisho amri ya kumwita shahidi kwa kawaida inaishia maili 100, na ya Texas maili 150. Mfanyakazi wako unaweza kumfuata mezani kwake. Mtu wa mkataba aliyebadilisha namba ya simu humpati, na jaji anabaki na karatasi isiyo na msemaji.

Kama ofisi yako iko California, kuna jingine: tangu Januari 2020 jimbo hilo lina kipimo kikali cha nani aitwe mtu wa kujitegemea badala ya mfanyakazi wa kuajiriwa. Wakili wako akipime kabla hujamtumia mtu yuleyule mwaka mzima.

Hatua ya 6: Punguza siri ndani ya bahasha

Namba za hifadhi ya jamii, akaunti za benki, tarehe za kuzaliwa za watoto: ficha kila ambacho mahakama inaruhusu kufichwa kabla ya kutuma. Tuma faili yenye nenosiri, na nenosiri lenyewe kwa njia nyingine.

Hatua ya 7: Hesabu siku

Kesi ya shirikisho ina siku 90 za kukabidhi nyaraka, tangu ifunguliwe. Mimi hujiwekea 45, ili nikihitaji mtu wa pili muda uwepo.

Hatua ya 8: Soma kiapo kabla ya kukiwasilisha

Siku kinapofika, nampigia aliyekisaini. Namwomba asimulie bila kusoma: nyumba ina rangi gani, nani alifungua, alisema nini. Aliyekwenda anasimulia mara moja. Kisha nalinganisha saa, anwani, maelezo ya sura na picha. Kwa Texas naangalia namba yake ya uthibitisho na tarehe inapoisha. Nikiona kosa, anayelirekebisha ni yeye kwa saini yake, kamwe si mimi.

Kwa kesi ya Texas, kiapo kikae mahakamani siku 10 kabla ya kuomba hukumu ya upande mmoja, na muda wa kujibu uwe umepita: saa nne asubuhi ya Jumatatu inayofuata baada ya siku 20 kuisha. Picha, ujumbe wa simu na kumbukumbu za GPS nazihifadhi pamoja na faili hata baada ya kesi kufungwa. Yule mtu wa kesi ya 1988 alihukumiwa mwaka 1982, akarudi mahakamani 1984.