Somo: Umekubaliwa Williams na Amherst. Uende wapi?

Mwaka huu wamenijia vijana wawili wa hapa Mombasa, mmoja wa Tudor, mwengine wa Likoni, kila mmoja na barua mbili za kukubaliwa na vyuo vya Marekani, na swali moja: "Mwalimu, kipi bora?" Nikawarudisha nyumbani wakalete daftari na kikokotoo. Vyuo hivi huwakataa wengi mno kuliko vinavyowachukua, kwa hivyo ubora tuuache. Cha kupima ni kipi kitawatoza wazazi wako kidogo, na kipi kinafundisha kwa namna unayoiweza wewe. Natumia Williams na Amherst kwa sababu ndivyo nilivyoletewa. Kama wewe una viwili vyengine vya namna hii, badilisha majina tu.

Vyote viko magharibi mwa jimbo la Massachusetts, Marekani, na kila kimoja kina wanafunzi kama elfu mbili. Williams ni ya 1793. Mwaka 1821 mkuu wake alihama na baadhi ya wanafunzi, akawa mkuu wa kwanza wa Amherst, na tangu hapo ni ndugu wanaogombania kanzu moja. Uhuru Kenyatta alisoma Amherst, basi ukilitaja jina hilo barazani utapewa maoni ya bure hadi alasiri. Ukitaja Williams, watadhani ndiye mfadhili wako.

Hatua ya 1: Pesa

Usiangalie ruzuku ni kubwa kiasi gani. Angalia pengo. Chukua gharama yote ya mwaka (karo, bweni, chakula, vitabu, bima ya afya, nauli), toa ruzuku, kinachobaki ndicho kitakachotoka nyumbani kwenu.

Mfano wa tarakimu za kubuni: chuo kimoja gharama ni dola 91,000 na ruzuku 88,000. Cha pili gharama ni 86,500 na ruzuku 85,000. Kijana wa Tudor aliruka akashika cha kwanza, "wananipa zaidi!" Pengo la cha kwanza ni 3,000, la pili 1,500. Halafu tukasoma maandishi madogo: cha kwanza kimeshahesabu nauli ya ndege, cha pili hakijahesabu. Ukiongeza tikiti, viwili hivyo vinakaribia kulingana. Dakika kumi za hesabu, na uamuzi wote umegeuka mara mbili.

Bima ya afya itazame kwa jicho kali. Miaka ya nyuma nilimsaidia mpwa wangu kupiga hesabu, nikaisahau kabisa. Bili ilipofika Agosti, babake aliuza pikipiki. Kosa lilikuwa langu na bado ananitania kila Idi.

Mikopo: Amherst iliiondoa kwenye ufadhili wake mwaka wa masomo 2008–09. Williams, tangu 2022–23, imeondoa mikopo pamoja na sharti la kufanya kazi chuoni. Kwa hivyo kama barua yako moja imeandika kiasi utakachotarajiwa kukichuma kwa kazi, hicho si zawadi, ni jasho lako. Viza ya mwanafunzi inakuruhusu kufanya kazi ndani ya chuo saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, si zaidi.

Pengo likikushinda, andika. Barua fupi ya heshima kwa ofisi ya ufadhili, ukieleza kilichobadilika: mzazi amepunguzwa kazini, genge lenu sokoni Kongowea limevunjwa. Ambatisha ushahidi. Kwa biashara zisizo na hati ya mshahara, rekodi za M-Pesa na barua ya chifu husaidia. Usiandike kwa kiburi cha "kile kingine kimenipa zaidi". Eleza hali, ambatisha barua ile nyingine, waache wasome wenyewe.

Hatua ya 2: Utasomaje

Hapa ndipo hawa ndugu wanapoachana, na hapa ndipo ningekaa siku tatu.

Amherst haina masomo ya lazima isipokuwa semina moja ya mwaka wa kwanza na yale ya fani utakayochagua. Uhuru huo ni mtamu kwa anayejijua. Kwa mtoto aliyetoka shule ambako kengele ndiyo iliyoamua kila kitu, unaweza kuwa kama kuachiwa usukani wa matatu siku ya kwanza. Williams inakutaka uchukue masomo matatu katika kila moja ya makundi matatu: lugha na sanaa, sayansi ya jamii, sayansi na hesabu. Wengine huona ni kero. Mimi nimeona watoto waliokwenda kusoma kemia wakapenda historia kwa kulazimishwa hivyo.

Williams tena ina madarasa ya watu watatu: profesa mmoja, wanafunzi wawili. Wiki hii wewe unaandika insha, mwenzako anaichambua mbele ya profesa. Wiki ijayo mnabadilishana. Hakuna pa kujificha. Kama hukuwahi kunyoosha mkono darasani, ama patakuponya ama patakukosesha usingizi. Mwezi wa Januari nao wana muhula mfupi wa somo moja tu, mara nyingi la kujaribu kitu kipya.

Jibu la Amherst ni majirani. Iko kwenye umoja wa vyuo pamoja na Smith, Mount Holyoke na chuo kikuu cha jimbo, UMass Amherst. Unaweza kuchukua masomo huko bila karo ya ziada, na basi zinaviunganisha. Williamstown ni mji mdogo sana milimani. Aliyezoea kelele za Markiti ajiulize kweli kama ataweza.

Hatua ya 3: Ongea na walio ndani

Wahenga walisema nyumba njema si mlango, nasi wa Mji wa Kale tunajua milango. Picha za vitabu vya chuo ni mlango. Omba uunganishwe na mwanafunzi kutoka Afrika Mashariki na umuulize: mabweni yakifungwa Desemba analala wapi? Koti la baridi alinunua nani? Mara ya mwisho kuonana na profesa ana kwa ana ilikuwa lini?

Hatua ya 4: Jibu chuo kimoja, kishukuru kingine

Kisha fuata fomu ya I-20 (chuo ndicho hukupa, uombee viza), ada ya SEVIS (mfumo wa serikali ya Marekani wa kuwafuatilia wanafunzi wageni), na miadi ya viza katika ubalozi wa Marekani Nairobi. Nafasi yako ya KUCCPS, yaani ya chuo cha hapa Kenya uliyopangiwa na serikali, usiiache mpaka viza iwe mkononi.

Maswali ya wanachama

*Mama, Kisauni:* Asalaam aleikum mwalimu. Wangu ataka udaktari. Aende kipi?

Waaleikum salaam mama. Hakuna kati ya viwili kitakachompa shahada ya udaktari. Marekani mtu husoma miaka minne kwanza, ndipo aombe shule ya udaktari, na nyingi ya hizo haziwachukui wageni au haziwapi msaada. Hapa Kenya ni miaka sita moja kwa moja. Kama moyo wake uko hapo tu, msikilize kabla ya kukata tikiti. Uinjinia vilevile: vyote viwili havina idara yake.

*Mwanafunzi, Likoni:* Naweza kukubali vyote viwili halafu niamue Julai?

Hapana, mwanangu. Unamzuilia mwenzako nafasi, na wakigundua unaweza kuvikosa vyote.

*Baba, Bamburi:* Mbona tusichague kilicho juu kwenye orodha? Tumalize.

Orodha ya ubora wa vyuo ya U.S. News, chombo cha habari cha Marekani, kwa miaka mingi imeiweka Williams ya kwanza na Amherst ya pili kati ya vyuo vya aina hii. Kwa hatua moja hiyo, mzee wangu, mimi nisingelipa hata nauli ya tuktuk. Pengo la dola 1,500 kwa miaka minne ni dola 6,000.

*Binti, Mvita:* Mwalimu, navaa hijabu na nafunga. Nitaishi vipi?

Uliza ofisi ya masuala ya dini katika vyuo vyote viwili: nyama ya halali ni kila siku au mara moja kwa wiki? Daku hupatikanaje jiko likiwa limefungwa? Miaka hii Ramadhani inaangukia karibu na Februari, na mchana wa huko ni mfupi, utafuturu saa kumi na moja na kitu jioni. Anayejibu kwa maelezo mpe alama. Anayejibu "tunamkaribisha kila mtu" muulize tena.

*Mwanafunzi, Tudor:* Mwisho wa kujibu ni tarehe moja Mei saa sita kasoro dakika usiku. Yao au yetu?

Kama wameandika saa za huko, wakati huo sisi tuko saa saba mbele, kwa hivyo ni saa moja kasoro dakika asubuhi ya tarehe mbili. Lakini Mei Mosi ni sikukuu, benki zimefungwa, na saiba nyingi pia. Kama unadaiwa amana (pesa ya kushikilia nafasi), uliza mapema kama wanaopata ufadhili husamehewa. Jibu ifikapo Aprili 28, na uchapishe ule ujumbe wa kuthibitisha.