Umechanja na kuku bado wanakufa? Mpasue mmoja uangalie bursa

Wafugaji wenzangu, simu ninayopigiwa kuliko zote ni hii: "nimechanja mdondo (Newcastle) siku ya saba, nikarudia siku ya 21, mbona kuku wanadondoka?" Na anayepiga ameshakata tamaa, hela ya vifaranga imeenda, ya chakula imeenda, alafu jirani anamwambia chanjo za siku hizi ni feki. Chanjo zilizoharibika zipo kweli, hasa zile zilizokaa bila barafu. Lakini kabla hujafika huko chukua kuku aliyekufa sasa hivi, vaa glavu, mpasue, nenda nyuma kabisa juu ya njia ya haja, utakuta kifuko cha mviringo kama zabibu. Hiyo ndo bursa. Kwa kifaranga mzima wa wiki nne inakuwa nono na nyeupe. Ukiikuta imevimba ina ute wa njano au damu, gumboro, ugonjwa wa virusi unaoshambulia bursa, iko bandani muda huu, ukiikuta imesinyaa imebaki kidogo tu basi mara nyingi gumboro ilishapita na wewe hukujua.

Sasa kwanini nahangaika na kakifuko kadogo namna hii, sikiliza. Chanjo yenyewe haimkingi kuku. Chanjo nyingi tunazotumia ni virusi hai vilivyopunguzwa makali, kazi yake ni kuuonyesha mwili sura ya adui, na wanaofanya kazi ya kinga ni seli B za kuku mwenyewe, aina ya seli nyeupe za damu. Ziko nyingi mno na kila moja inatambua umbo lake tu, kwahiyo virusi vikiingia, ile inayoendana navyo inaanza kuzaliana haraka, watoto wake wengine wanageuka kuwa seli plazima, na seli plazima kazi yake ni moja tu, kumwaga kingamwili kwenye damu, moja inatoa maelfu kwa sekunde. Kingamwili zinakwenda kuvinasa virusi visiweze kushika kwenye seli za kuku. Wengine wanabaki kama seli za kumbukumbu, hao ndo sababu tunarudia chanjo, maana mara ya pili mwili unajibu haraka na kwa nguvu zaidi.

Hiyo kazi yote inataka muda. Kingamwili zinaanza kuonekana kwenye damu baada ya kama wiki moja na zinapanda vizuri wiki ya pili mpaka ya tatu, kwahiyo we ukikimbilia chanjo leo kwa sababu kuku wa jirani wameanza kufa jana, tayari umechelewa.

Na hiyo herufi B imetoka kwa kuku hawahawa, ni B ya bursa. Huko Ohio, Marekani, Bruce Glick na Timothy Chang walikuta kuku waliotolewa bursa wakiwa wadogo wakidungwa salmonela hawatengenezi kingamwili, wakaandika mwaka 1956. Sisi binadamu seli B zetu zinakomaa kwenye uboho wa mifupa, kuku yeye ni kwenye hicho kifuko.

Gumboro sasa (jina ni la mji ulioko jimbo la Delaware, Marekani, ilikoonekana 1957) virusi vyake vinazifuata seli B changa moja kwa moja. Kifaranga wa wiki tatu mpaka sita utamuona amejikunyata, manyoya yamesimama, anaharisha nyeupe, anajidonoa nyuma. Ila mimi ninayemuogopa zaidi ni yule aliyepata chini ya wiki tatu, huyo anaweza asionyeshe chochote, anakula, anakunywa, na bursa imeshaharibika ndani. Ukimpa chanjo ya mdondo baada ya hapo ni kama kupeleka oda kwenye kiwanda kilichoungua.

Kwahiyo chanjo ya gumboro usiiruke hata kama wenzako wanasema kwao haipo. Ratiba inayotumika sana ni mdondo siku ya 7, gumboro siku ya 14, mdondo tena 21, gumboro tena 28. Watu wanauliza kwanini gumboro isiwe siku ya kwanza tuimalize. Kifaranga anazaliwa na kingamwili za mama yake alizopata kwenye kiini cha yai, zinamlinda wiki mbili tatu hivi alafu zinaisha, ila zikiwa bado nyingi zinainasa na chanjo yako pia, inakuwa umewapa maji matupu. Na vifaranga hawalingani, mi mwenyewe niliwahi kuchanganya wa kutoka sehemu mbili, nikachanja mara moja nikaridhika, wiki ya tano nilizika zaidi ya nusu. Muulize anayekuuzia kama kuku wazazi walichanjwa.

Siku ya kuchanja kwa maji ondoa vyombo vya maji kwa muda wa saa moja mpaka mbili wapate kiu. Maji ya bomba yenye klorini yanaua chanjo, tumia ya kisima au ya mvua, weka maziwa ya unga yasiyo na mafuta gramu 2.5 kwa lita, subiri nusu saa ndo utie chanjo, na waimalize ndani ya masaa mawili. Vyombo visioshwe kwa sabuni siku hiyo. Kwa kuku wa kienyeji chanjo ya mdondo ya I-2 inavumilia joto kuliko nyingine, ni tone moja kwenye jicho kila baada ya miezi mitatu, ila usimchanje anayeumwa.

Mahindi yenye ukungu pia acha kabisa kuwapa hata kama ni ya bei ya chini, sumukuvu inasinyaza bursa taratibu bila ugonjwa wowote, na kingamwili ni protini, kifaranga anayelishwa pumba tupu atazitengeneza na nini?

Antibayotiki haziui virusi, wala gumboro haina dawa. Ikishaingia, fukia au choma waliokufa, toa maranda yote, osha banda kwa sabuni kwanza ndo upulize dawa, maana virusi vyake vinakaa bandani miezi kadhaa, na usiingize vifaranga wapya mpaka bwana mifugo apite kuliangalia.