Ufa wa msingi: shughulikia maji kwanza, simenti baadaye

Nyumba ya mama yangu ipo Uyole, Mbeya, kwenye mteremko. Mwaka juzi mwezi wa kumi nilikwenda na nusu mfuko wa simenti nikaziba ufa uliokuwa umepanda kutoka ardhini hadi kwenye jamvi, yaani zege la sakafu, kona ya nyuma. Nililainisha kwa sponji mpaka ukapotea kabisa. Mwezi wa pili mama akanipigia: "Mwanangu, ule ufa umerudi, na sasa naingiza ukucha."

Nilifika mvua inanyesha. Maji ya bati zima la nyuma yalikuwa yanamwagikia kona ileile, na yalikwishachimba shimo la kuzamisha mguu hadi kifundoni. Miaka yote hii ya uashi, na maji yale sikuwa nimeyatazama, kwa sababu nilikwenda kiangazi.

Ndiyo maana siku hizi mtu akiniita, swali langu la kwanza ni hili: mvua ikinyesha, maji yanaelekea wapi? Huku kwetu mvua ni Novemba hadi Aprili au Mei, kisha ardhi inakauka miezi mingi mfululizo. Udongo wa mfinyanzi ukiloa unavimba, ukikauka unasinyaa, na msingi unapanda na kushuka nao. Ule mweusi wa mbuga, kama wa bonde la Usangu, ndio msumbufu kuliko wote. Kiangazi unapasuka hadi mkono unaingia. Kama una miti ya milingoti jirani na ukuta, jua kwamba nayo inafyonza maji chini ya nyumba yako.

Kabla ya kushika tindo, usome ufa. Mwembamba kama unywele, uliosimama wima, mara nyingi ni zege lilisinyaa wakati wa kukauka. Huo haukunyimi usingizi. Unaopanda kimshazari, au unaofuata viungo vya tofali ngazi kwa ngazi, unasema upande mmoja wa nyumba unazama. Uliolala unasema udongo unausukuma ukuta, na huo nauogopa, hasa kwa nyumba zilizochimbiwa kwenye kilima. Ukiona ufa uliolala, au uliozidi milimita 5, au milango imeanza kukaza, tafuta mhandisi. Usimwachie fundi, hata kama fundi huyo ni mimi.

Kisha upime kama bado unatembea. Piga alama ya penseli kwenye ncha zote mbili, andika tarehe pembeni, na ubandike kiraka chembamba cha jasi kinachovuka ufa. Kikikatika, nyumba haijatulia. Subira hii watu hawaipendi, lakini ukiziba ufa unaotembea umetupa simenti.

Wakati unasubiri, fanya kazi ya maji. Kwa mama tulifunga gata ya kukinga maji ya bati na bomba la kushushia, tukachimba mfereji wa kupeleka maji kwenye migomba. Shimo la kona tulilijaza udongo, tukaushindilia kidogo kidogo, halafu tukausawazisha uwe na mwinamo wa kutoka ukutani: mita 3 kwenda nje, ardhi ishuke sentimita 15 hivi. Kiraka cha jasi kilipita mvua zote bila kukatika. Hapo ndipo nikachukua tindo.

Panua ufa kwa tindo na nyundo, kina cha sentimita 2, ndani pawe papana kuliko mdomo. Hapa ndipo kiraka cha simenti kinaposhikia. Ukichonga kinyume chake, kitabanduka kama ganda. Sugua kwa brashi ya waya, toa vumbi lote, osha. Lowesha jioni, na asubuhi lowesha tena, ila usianze maji yakiwa bado yanameremeta. Zege liwe na unyevu tu.

Paka uji mzito wa simenti kwa brashi. Kabla haujakauka, jaza mota ya simenti moja kwa mchanga tatu, mchanga wa mto uliochekechwa. Maji yawe kidogo: finyanga tonge mkononi, likae bila kuvuja. Shindilia kwa ncha ya mwiko, tabaka juu ya tabaka, mpaka mota isiingie tena.

Funika kwa gunia lililolowa, na ulimwagilie siku 7. Watu wengi wanaharibu hapa, wanamwagilia siku mbili wanaacha. Upepo wa Agosti unakausha mota kabla haijakomaa. Ukifanya Juni au Julai, anza asubuhi na usiku uweke nailoni juu ya gunia, maana baridi inachelewesha simenti kushika.

Mota inaziba tu, haiungi. Kama msingi wenyewe umekatika na umeshatulia, kinachounga ni epoksi, ile ya kuchanganya vitu viwili, inayosukumwa ndani ya ufa. Inataka ufa mkavu na mtu aliyeizoea, na bei yake ni kubwa kuliko simenti.

Rangi usiiharakishe. Kwa mama nilimaliza Agosti hii, na kona ile nimeiacha na mstari wa kijivu bila rangi, tarehe ikiwa pembeni kwa penseli. Nataka mvua za Novemba zipite nikiwa nauona.