Chanjo ya hepatiti B shuleni Bukavu: kuanza Septemba, kulinda chupa isigande

Chanjo ya hepatiti B, ugonjwa wa ini unaoletwa na virusi, hudungwa mara tatu: siku ya kwanza, baada ya mwezi 1, kisha mwezi wa 6 kuanzia ile ya kwanza. Kwa shule za Bukavu, anzeni Septemba, masomo yanapofunguliwa. Ya pili itaangukia Oktoba na ya tatu Machi, watoto wangali darasani. Mkianza Januari, ya tatu inafika Julai, shule zimefungwa na watoto wametawanyika, na dozi hiyo ndiyo inayofanya kinga idumu.

Kagueni karti za utotoni. Chanjo ya pamoja ya wiki ya 6, 10 na 14 ina hepatiti B ndani yake, kwa hiyo aliyemaliza zote tatu asirudiwe. Aliyeishia njiani anaendelea pale alipoachia, hata ikipita miaka mingapi. Hakuna kuanza upya. Asiye na karti ahesabiwe kuwa hajachanjwa, kwani kurudia hakumdhuru. Mwenye miaka 7 na zaidi hapewi ile ya pamoja, apewe ya hepatiti B peke yake.

Mahali pa kuharibikia ni kwenye frigo. Chanjo hii inataka digrii 2 hadi 8, na kuganda kunaiua kabisa. Umeme ukikatika saa nyingi, ukirudi mtu huzungusha kitufe hadi mwisho ili baridi irudi upesi; usiku chupa zilizogusa ukuta wa nyuma zinaganda, asubuhi zimeyeyuka, na ile alama ya rangi kwenye kibandiko haibadiliki, maana inaonyesha joto tu. Ukishuku, gandisha chupa moja ya toleo lilelile usiku kucha, iyeyushe, itikise pamoja na ile unayoishuku, uziweke mezani kwa dakika 30. Tazama sehemu ya chini ya chupa: dawa iliyoganda inatua vipande haraka. Ile unayoishuku ikitua sawa nayo, tupa. Mkienda shuleni, pakiti za barafu zitoke kwanza nje hadi maji yasikike yakicheza ndani ukizitikisa.

Mtoto wa shule ya msingi hupata mililita 0.5. Kwa wakubwa soma karatasi ya boksi: watengenezaji wengine huanzisha mililita 1 baada ya miaka 10, wengine kuanzia 16. Tikisa chupa, dunga msuli wa juu wa mkono, sindano wima. Kamwe si matakoni: mafuta ya pale hupunguza kinga, na mshipa wa fahamu uko karibu.

Mafua au homa ndogo havizuii. Aliyepata mzio mkali kwa dozi iliyotangulia, asidungwe tena. Mtoto akae chini akidungwa, maana vijana huzimia kwa woga, hasa wasiokula asubuhi. Abaki dakika 15 chini ya macho yenu. Adrenalini 1:1000 iwe mezani: akivimba uso au kupumua kwa shida, mwenye miaka 6 hadi 12 hupata mililita 0.3 kwenye msuli wa paja, upande wa nje.

Kabla hajatoka, andika kwenye karti tarehe ya dozi inayofuata, na nakala ibaki kwa direkta.