Nusu Saa ya Ndege: Namna ya Kuitumia Kutuliza Akili

Mwenye mawazo mengi anayetaka kutulia kwa kuangalia ndege hana haja ya kufunga safari hadi msitu wa Jozani au wa Ngezi. Tafuta pahala karibu na nyumba pa kukaa nusu saa, na urudi pahala hapo hapo mara tatu au nne kwa wiki. Baraza ya uani inafaa, ukingo wa konde pia. Kinachotakiwa ni kivuli, kitu cha kuegemea mgongo, na mti wenye maua au matunda usiozidi hatua ishirini kutoka ulipokaa. Jua liwe nyuma yako. Ukilielekea, kila ndege atakuwa kivuli cheusi, na utaumia macho bure.

Wakati mzuri ni baada ya sala ya alfajiri, tangu saa 12 hadi saa 2 asubuhi. Jioni, anza saa 11. Mchana wa jua kali ndege wametulia majanini, na wengi wanaoanza saa hizo hukata tamaa siku ya kwanza wakidhani mtaani kwao hakuna ndege.

Dakika kumi za mwanzo usitafute chochote. Ndege walikuona ukija, na huchukua muda kurudi kwenye shughuli zao. Zima data ya simu, fumba macho, na kwa kila sauti mpya ya ndege kunja kidole kimoja. Jina si lazima. Mawazo ya deni au ugomvi yakija, usishindane nayo. Itafute tena sauti iliyo mbali kuliko zote. Kuisikia kunataka utulie, na pumzi hushuka yenyewe. Dudumizi akilia, sauti yake ikishuka kama maji yanayomwagwa kutoka kwenye chupa, mfuate hadi mwisho wa mlio.

Kisha fungua macho, chagua ndege mmoja, usimwache mpaka aondoke mwenyewe. Chozi, ndege mdogo wa kunyonya maua, akiwa kwenye maua ya mnazi anatosha kwa asubuhi nzima. Dume akiwa kivulini ni mweusi tu. Akigeukia juani, kichwa na mgongo huwaka kijani na zambarau, kisha huzimika. Rangi ile hutokana na namna unyoya unavyourudisha mwanga, kwa hiyo kila akijipinda ni rangi nyingine. Angalia anavyouzamisha mdomo uliopinda ndani ya ua, na tawi analolirudia. Ukiwa Pemba huenda ni chozi wa Pemba, asiyepatikana kwengine duniani. Wenzake wa namna hiyo ni ninga wa Pemba, kinengenenge wa Pemba na bundi mdogo wa Pemba. Kinengenenge ndiye rahisi kwa anayeanza: mdogo, wa manjano, mwenye duara jeupe kuzunguka jicho, hutembea kikundi hata kwenye bustani za majumbani. Mkaazi wa Mjini Unguja aliyechoshwa na kunguru aende msitu wa Masingini, akae akimsubiri kulukulu afungue mbawa zake nyekundu.

Faida yake ina mipaka. Mwaka 2022 watafiti wa King's College London walichapisha matokeo ya watu 1,292 waliojibu maswali kwa programu ya simu. Waliokuwa wameona au kusikia ndege walijihisi vizuri zaidi, wakiwemo wenye sonona (ugonjwa wa huzuni nzito), na hali hiyo iliweza kuendelea kwa muda wa saa nane. Mwaka huo huo, utafiti wa Ujerumani uliwasikilizisha watu 295 sauti kwa dakika 6: milio ya ndege ilipunguza wasiwasi, lakini haikuonesha kuigusa huzuni. Kwa hiyo ikiwa huzuni, kukosa usingizi au kutotamani chochote kumepita wiki mbili, au yanakujia mawazo ya kujidhuru, nenda hospitali. Unguja ipo hospitali ya akili ya Kidongo Chekundu, Pemba anza na hospitali ya wilaya. Dawa ulizoandikiwa usiziache eti kwa sababu asubuhi zimekuwa nzuri.

Darubini ni ya baadaye. Ukinunua, 8x42 au 8x32 yatosha: namba ya mwanzo ni mara ngapi kitu hukuzwa, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Ya 10 hutetemeka mikononi. Irekebishe kwa macho yako: fumba jicho la kulia, zungusha gurudumu la kati mpaka la kushoto lione vizuri, kisha fumba la kushoto, zungusha pete ya upande wa kulia. Wanaoruka hatua hii huumwa kichwa na kuilaumu darubini. Ukitoka pwani puliza mchanga kabla ya kufuta, maana ncha ya nguo ya kanga yenye chumvi huchora lenzi. Na ukipita kijijini, toa salamu na useme unaangalia ndege. Anayeelekeza darubini kwenye nyua za watu atashukiwa, na kwa haki.

Pwani hesabu maji kwanza. Chwaka, Unguja, maji yakiwa yamekupwa, ndege wa pwani kama kitwitwi na sululu wako mbali mno. Fika muda wa saa mbili kabla ya maji kujaa, maji yenyewe yatakuletea ndege. Siku za bamvu (maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu) hujaa alasiri, jua limepungua makali. Wageni kutoka kaskazini wako wengi tangu Septemba hadi Aprili. Usikatize mashamba ya mwani.

Kinachoharibu zaidi ni orodha. Anayehesabu aina na kushindana na wenziwe hurudi na kero mpya. Andika mistari miwili tu: ulichokiona, na moyo ulivyokuwa kabla na baada. Usiwaite ndege kwa sauti za simu, wanadhani amekuja mpinzani na huacha kula. Na ikiwa mlio wa bundi unakutia hofu, usiku si wako kwa sasa.

Asiyeweza kutoka aweke bakuli pana la udongo uani, maji yasizidi kina cha vidole viwili, na jiwe katikati la kusimamia. Liwe hatua tatu kutoka kwenye kichaka, paka asipate pa kuvizia. Mwaga na usugue kila siku. Maji yakikaa wiki yatatoa mbu. Wali usimwage hapo, utawaita kunguru na wadogo hawatatua tena.