Kushona mahameli bila vipande kuhama

Vipande viwili vya mahameli vinaweza kukatwa sawasawa, vikapimwa tena, vikabanwa kwa pini tangu kiunoni hadi kwenye upindo, na bado mshono ukimalizika kipande cha juu kikawa kimezidi cha chini kwa sentimita nzima. Washonaji wengi hudhani kosa ni la mkono wao au la cherehani chao, ilhali chanzo kimo ndani ya kitambaa chenyewe, na sehemu kubwa ya kazi ya kukizuia hufanyika kabla mguu wa cherehani haujashushwa. Maelezo haya yanafuata ushonaji wa gauni refu la mahameli lenye sketi pana, la aina inayovaliwa harusini, kwa cherehani cha kawaida cha umeme au cha kanyagio. Kanuni zake zinafaa pia kwa kodrai na vitambaa vingine vyenye manyoya.

Kwa nini vipande huhama

Mahameli nyingi hufumwa zikiwa vitambaa viwili vinavyotazamana, vikiunganishwa na nyuzi zinazopita kutoka kimoja hadi kingine. Kisha kisu hupita katikati na kuzikata nyuzi hizo, na kila kitambaa hubaki na manyoya mafupi yaliyosimama. Manyoya hayo hayasimami wima kabisa, bali huinamia upande mmoja. Unapozikutanisha nyuso mbili ili kushona, manyoya ya pande zote mbili huingiana kama brashi mbili zilizogandamizwa, na kila msukumo mdogo huvifanya vipande vitambae. Hapo huongezeka kazi ya cherehani: meno ya chini hukipeleka kipande cha chini nyuma, wakati mguu wa kukandamizia hukizuia kile cha juu na kukirudisha mbele, kwa mshonaji. Ndiyo maana ziada huonekana karibu kila mara kwenye kipande cha juu, na huongezeka kadiri mshono unavyorefuka.

Aina za mahameli hazilingani kwa ukaidi. Mahameli ya hariri au ya viskosi, yenye mgongo laini unaoteleza, ndiyo ngumu kuliko zote. Mahameli ya pamba ina manyoya mafupi na mgongo imara, kwa hiyo hutulia zaidi, na anayeanza afadhali aanze nayo. Mahameli inayovutika huhama na pia hutanuka, na ile ambayo manyoya yake yamelazwa kiwandani huhama kidogo tu.

Uelekeo wa manyoya na ukataji

Pitisha kiganja juu ya uso wa kitambaa, sambamba na pindo lake la kiwandani. Upande ambao mkono huteleza bila kipingamizi ndiko manyoya yanakoelekea. Ukirudisha mkono kinyume utahisi ukwaru na rangi itakoza. Geuza kitambaa, kisha chora mishale kwa chaki kwenye mgongo, tena mingi, kwa sababu baada ya kukata vipande vidogo kama kola na mikono ni rahisi kusahau kila kimoja kilikuwa kinatazama wapi. Vipande vyote vya vazi moja ni lazima vielekee upande mmoja, la sivyo gauni litaonekana limeshonwa kwa vitambaa viwili vya rangi tofauti. Kwa sababu hiyo vipande haviwezi kupangwa kichwa kwa mguu ili kubana matumizi, na ni busara kuitandaza patani, yaani karatasi za kukatia, sakafuni na kupima mahitaji kabla ya kwenda dukani.

Manyoya yakielekea juu, rangi hukoza na kupata kina. Yakielekea chini, kitambaa hung'aa zaidi na rangi yake huonekana hafifu. Kwa gauni lenye sketi pana mimi huchagua juu, na si kwa ajili ya rangi peke yake. Kanuni ya mahameli ni kushona kwa kufuata manyoya, na kanuni ya sketi inayopanuka ni kushona kutoka penye upana kwenda penye wembamba, yaani kutoka kwenye upindo hadi kiunoni, ili kingo za mshazari zisitanuke. Manyoya yakielekea juu, kanuni hizo mbili hukubaliana. Yakielekea chini hugombana, na mshonaji hulazimika kuivunja moja.

Kata kitambaa kikiwa kimetandazwa tabaka moja, mgongo ukiwa juu. Ukikikunja mara mbili kama khanga, matabaka yatahama chini ya mkasi, na vipande vitakuwa vimetofautiana kabla hujashona lolote. Acha akiba ya mshono, yaani kitambaa kinachobaki kati ya mstari wa mshono na ukingo, ya sentimita 2 badala ya 1.5, kwa kuwa ndani ya akiba hiyo ndimo pini na bandi, ile mishono ya muda ya mkono, zitakamokaa. Kingo za mahameli humwaga vumbi la manyoya kwa wingi. Zipitishe kwenye ovaloki mapema, au kung'uta kila kipande nje kabla ya kukileta kwenye cherehani.

Bandi ndiyo inayoshika

Pini peke yake haitoshi. Baina ya pini moja na nyingine manyoya hubaki huru, na matabaka yatatambaa katika nafasi hiyo hiyo, kisha pini nene huacha alama isiyofutika. Kinachoshika mahameli ni bandi ya mkono, na ningependa kila fundi anayepokea kitambaa cha bei kubwa kutoka kwa mteja aihesabu kazi hii ndani ya malipo yake, maana bila bandi hana anachoweza kumhakikishia mteja huyo.

Vilaze vipande juu ya meza tambarare, si mapajani, uso kwa uso, mishale yote ikielekea upande mmoja. Bana kwa pini nyembamba zilizokingama na mstari wa mshono, vichwa vyake nje, na ncha zikiishia ndani ya akiba. Anza na miisho miwili, kisha katikati, kisha gawa nafasi zilizobaki, ili ziada yoyote isisukumwe ikakusanyika mwishoni. Chukua sindano nyembamba na uzi laini wa rangi inayoonekana, ingawa usiokolea mno, kwa sababu uzi mwekundu juu ya mahameli nyeupe unaweza kuacha nyuzinyuzi zake.

Piga mistari miwili ya bandi. Wa kwanza upite ndani ya akiba, milimita 2 au 3 kutoka mstari wa mshono. Wa pili uwe milimita 5 zaidi kuelekea ukingoni. Choma sindano wima ishuke chini, uivute, kisha uirudishe juu, badala ya kuokota mishono mitatu minne kwa mpigo mmoja, kwani kule kuokota hukiinua kitambaa na kukisogeza. Kila mshono uwe wa sentimita 1 hivi, na baada ya kila mishono mitatu rudi nyuma mshono mmoja. Mshono huo wa kurudi ndio unaofunga matabaka mahali pake. Bandi iliyonyooka tu huruhusu kitambaa kuteleza juu ya uzi wake. Usivute uzi mpaka kitambaa kijikunje. Ukimaliza, ondoa pini zote, kisha kiinue kipande kwa ncha ya juu na kukiacha kining'inie. Kikining'inia sawasawa pande zote mbili, kimekuwa tayari. Kikipinda, fumua sehemu hiyo sasa, kwa sababu hapa kufumua hakudhuru, lakini baada ya cherehani kutadhuru.

Kwa mahameli ya hariri inayoteleza sana, ongeza ukanda wa karatasi nyembamba kati ya nyuso mbili unapopiga bandi. Karatasi huyatenganisha manyoya ili yasiingiane, na baada ya kushona huchanwa taratibu pande zote mbili.

Kukitayarisha cherehani

Weka sindano mpya yenye ncha kali: namba 11 au 12 kwa mahameli nyepesi, na 14 kwa mahameli ya pamba na kodrai. Mahameli inayovutika inahitaji sindano ya vitambaa vya kuvutika, namba 11. Urefu wa mshono uwe kati ya milimita 2.5 na 3, na mkazo wa uzi upunguzwe kidogo.

Jambo ambalo wengi hulisahau ni mgandamizo wa mguu. Katika vyerehani vingi vya zamani kuna skrubu juu ya nguzo inayobeba mguu. Ukiilegeza, mguu hukandamiza kwa nguvu ndogo na kipande cha juu hupita kwa uhuru. Vingine vina kitufe cha kubonyeza mahali hapo hapo, na vya kisasa huwa na kidude chenye namba. Legeza hadi meno yaendelee kuvuta kitambaa bila mguu kuacha alama kwenye manyoya.

Kisha jaribu. Kata vipande viwili vya mabaki vyenye urefu wa sentimita 30, vishone bila bandi kwa kufuata manyoya, na utazame mwisho wake. Tofauti ikizidi milimita chache, badilisha jambo moja tu, ama mgandamizo, ama urefu wa mshono, halafu ujaribu tena. Anayebadilisha mambo matatu kwa pamoja hatajua lipi lilisaidia.

Mguu wenye meno yake ya juu, ambao husogeza tabaka la juu sambamba na la chini, ni msaada mkubwa kwa mishono mirefu iliyonyooka. Hata hivyo hauchukui nafasi ya bandi, kwa kuwa hauzuii matabaka kuteleza kwenda kushoto na kulia.

Kushona

Anza upande ambao manyoya yanatokea. Shika nyuzi zote mbili nyuma ya mguu kwa mishono ya mwanzo ili zisimezwe. Mkono mmoja uwe nyuma ya mguu na mwingine mbele, kitambaa kikiwa kimenyooka baina yao bila kuvutwa. Ukivuta, sindano itapinda na mishono itarukwa. Enda polepole. Kila baada ya sentimita 8 hadi 10 simama sindano ikiwa imezama, inua mguu, acha kitambaa kipumue na kujilaza, kisha ushushe mguu na uendelee. Mwenye cherehani cha kanyagio ana nafuu hapa, maana kasi iko miguuni mwake na mkono wake uko kwenye gurudumu. Mshono upite kando ya bandi, si juu yake, ili uzi wa bandi utoke bila kukwama. Unapoutoa, ukate kila baada ya sentimita 5 na kuvuta vipande vifupi. Ukivuta uzi mrefu, utaondoka na manyoya.

Mikono ya gauni, kola na zipu nisingevikabidhi kwa cherehani moja kwa moja. Zipu ishonwe kwa mkono, kwa mishono midogo ya kurudi nyuma inayojificha ndani ya manyoya. Bitana nayo ipigiwe bandi, hata kama yenyewe ni laini, kwa kuwa mahameli huisukuma vilevile.

Pasi isiguse uso kamwe. Tandaza mabaki ya mahameli ileile mezani, uso juu, ulilaze vazi juu yake uso chini ili manyoya yapokee manyoya, kisha pitisha mvuke sentimita 2 juu ya mshono na ufungue akiba kwa vidole. Mwenye pasi ya mkaa afunike mshono kwa kitambaa cha pamba chenye unyevu na aishike pasi juu yake bila kuipumzisha. Mahameli ya poliesta ikilazwa na joto kali, manyoya yake hayainuki tena.

Gauni likishaunganishwa, litundike usiku mzima kabla ya kupima upindo, kwa sababu sehemu za mshazari hushuka kwa uzito wake. Kisha sawazisha ukingo na upinde kwa mkono, ukiokota uzi mmoja tu wa mgongo wa kitambaa kwa kila mshono, na kuuacha uzi ulegee.